Harufu ya Ulanzi

Tangu nondo zipigwe marufuku na maghorofa yaanze kusukwa kwa mianzi ndani ya zege, kila familia ina nguzo yake ya kutunza. Ikitoa unyevu, unafunga kitambaa chekundu dirishani, na jengo zima linahamishwa kabla jua halijazama. Watu wanapelekwa wapi, hatujawahi kuambiwa.

Nguzo yetu iko jikoni. Sikuwa na habari nayo. Nilikuwa nagombana na mume wangu, maana nyumba ilikuwa inanuka ulanzi, pombe ya mianzi ya kwetu Iringa.

"Sijaonja, Mama Atu. Ninuse mdomo."

"Nikunuse nina kazi gani? Umenigeuzia jiko kilabu."

Jana akasafiri. Leo nimeamka, harufu imezidi.

Nikapitisha kidole kwenye nguzo, nikalamba. Ungekuwa mtogwa, ulanzi mbichi ulio mtamu, ningepumua kidogo. Huu ulikuwa mkangafu, mkali, uliokwisha kukaa siku nyingi. Nikatoa kitambaa kabatini.

"Hodi humu."

Alikuwa Mama Tulla, jirani wa ghorofa ya juu yetu. Nikaficha kitambaa nyuma ya mgongo.

"Mwenzangu, nimechoka," akasema, akaegemea nguzo. "Baba Tulla ameanza ulanzi. Nyumba inanuka, na ukimuuliza anakana."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze. Tena usimwambie mtu, lakini jirani wa juu yangu naye analia na mumewe hayo hayo."