Meno ya Baba

Meno ya bandia yalitua juu ya meza ya fundi wa meno kwa kishindo, yakaserereka mpaka kwenye bakuli la plasta, yakabaki yamekenua.

"Chukua! Tafunia wewe!" mwanamke alifoka.

Nyuma yake aliingia baba yake, mzee mrefu aliyekonda, kofia mkononi, midomo imeingia ndani kama mfuko uliokazwa kamba. Wateja wawili kwenye benchi wakaacha kuchezea simu.

"Shikamoo, mzee," fundi alianza naye. "Karibu, dada. Yana tatizo gani?"

"Tatizo? Yanatembea! Akiongea, nayo yanaongea yao. Jana kapiga chafya, yakamtangulia mlangoni. Tangu tumzike mama nimehamia kwake, na sijamwona akitafuna hata mkate. Uji asubuhi, uji jioni! Nilidhani ni majonzi, kumbe ni meno. Mkanda wake umefika tundu la mwisho. Mama nimeshamzika, fundi. Na huyu nimzike kwa kazi yako mbovu?"

Mteja mmoja akacheka. Mwanamke akamgeukia.

"Cheka tu. Zamu yako inakuja."

Kicheko kikakatika.

"Fizi husinyaa, dada," fundi alisema. "Mtu akikonda, hata meno mazuri..."

"Amekonda kwa sababu hali chakula! Na hali kwa sababu yako!"

"Si kosa la fundi, mwanangu," mzee alisema. Bila meno, maneno yalimtoka yamelowa. "Twende zetu nyumbani. Uji si mbaya."

"Baba, upole wako ndio unaokuponza! Mama angekuwepo asingekubali." Akamrudia fundi. "Naye alivyokuwa anakusifu! Eti, 'Fundi kanirudishia ujana, navunja karanga.' Kumbe mama alipewa kazi safi, baba akapewa makapi."

Hapo fundi naye alipandwa na hasira.

"Niliwapima wote wawili siku moja, kwa mikono hii hii! Meno si kofia, useme mtu yeyote atavaa. Kila kinywa kina yake. Na sijawahi kumpa mtu meno yanayocheza!"

"Thibitisha! Mbele ya hawa!"

"Nathibitisha!"

Kila mteja aliacha kwa fundi sampuli ya fizi zake, iliyofinyangwa kwa plasta ngumu na kuwekwa rafuni. Fundi aliishusha ya mzee, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaivalisha meno.

Yakayumba kama meza yenye mguu mfupi.

"Haya!" Mwanamke alipiga makofi. "Igombeze na hiyo plasta basi! Iambie imekonda!"

Fundi aliyageuzageuza meno kwenye mwanga wa dirisha, uso umekunjamana. Akarudi rafuni, akasitasita, akashusha sampuli nyingine, ndogo kuliko ile ya kwanza. Akayajaribisha.

Yakaingia, yakatulia kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Hasira ilimtoka fundi usoni kama moto uliomwagiwa maji. Akamtazama mzee. Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeomba.

"Mnakonyezana nini?" mwanamke alifoka. "Nakuuliza wewe! Ulimpa baba yangu meno ya nani?"

Fundi aliinamisha macho. Mzee ndiye aliyejibu, akiutafuta mkono wa bintiye.

"Ya mama yako. Yangu ulimvalisha yeye siku ya kumzika. Ulikuwa unalia sana, mwanangu, nikakosa moyo wa kukwambia."