Sauti Iliyorudi

"Nikibonyeza hapa, mfumo mpya unafutika na ule wa zamani unarudi," kaka alisema. "Una uhakika?"

"Bonyeza, bwana! Huu mpya umeninyamazishia kompyuta."

Dada yake haoni. Zamani kompyuta ilimsomea kila kitu kwa sauti. Tangu mfumo mpya uingie, barua pepe zake husomwa na kaka.

Kaka akabonyeza. Mguu wake haukutulia chini ya meza. Dada aliweka kiganja juu ya kompyuta, kama anayepima homa ya mtoto.

"Mbona unahema hivyo?"

"Joto tu."

Skrini ikazimika, ikawaka. Sauti ikarudi, kavu na ya harakaharaka, na dada akacheka kwa furaha. Vidole vyake vikakimbilia barua pepe.

"Kutoka chuo cha muziki," sauti ikasoma. "Mbona hutujibu? Nafasi yako ya ualimu tutampa mwingine kesho."

Kicheko kikakatika. "Hii hukunisomea."

"Ukiondoka," kaka alisema, "nitabaki kumtunza mama peke yangu."

Dada alikuwa ameshaanza kuandika, na sauti ikamfuata neno kwa neno:

"Nisamehe kwa kuchelewa. Ninakuja."