Namba Kumi na Nne

"Nani kati yenu ni namba kumi na nne?"

Mgeni aliuliza hivyo hata kabla hajashuka vizuri kwenye bodaboda. Hakuna aliyemtarajia. Vumbi jekundu la barabara ya kutoka Same lilikuwa limemjaa mpaka kwenye nyusi, na mkononi alishika pakiti ndogo ya tangawizi kavu yenye lebo ya kikundi chao wenyewe.

Wanawake waliokuwa wakikata tangawizi mbele ya ghala walitazamana. Visu vikanyamaza.

Beatha, katibu wa kikundi, aliinuka akajifuta mikono kwenye kanga. "Shikamoo, baba. Karibu."

"Marahaba. Naitwa Nassoro. Nimetumwa na watu wa msafara." Alitazama saa yake. "Saa saba natuma majina ya vikundi vitakavyouza nje mwaka huu. Bila namba kumi na nne, chenu hakimo."

Miezi mitatu iliyopita, msafara wa wafanyabiashara ulikuwa umebeba pakiti zao kumi na nane kwenda kuwaonyesha wanunuzi wa ng'ambo. Kila pakiti ilikuwa na namba ya mkaushaji wake. Nani ni namba gani, lilijua daftari la Beatha peke yake.

"Hiyo kumi na nne imefanya nini?" aliuliza Agatha, mtu asiyeweza kukaa na neno mdomoni.

"Nikisema, sitapata jibu la kweli."

Beatha akakumbuka moshi. Mtaalamu aliyewafundisha hakuwaficha: tangawizi ikaushwe juani, juu ya vichanja vyenye wavu. Ikinuka moshi hata kidogo, ng'ambo hawaipokei, na kikundi kizima kinaweza kufutwa. Kumi na saba walitii.

Asiyetii, namba kumi na nne, alikuwa Bibi Ernesta, mwenye kiwanja walichojengea ghala bila kutozwa hata shilingi. Magoti yake hayakuweza tena kukimbizana na ukungu unaoshuka mchana kutoka mlima Shengena. Basi alikausha kama mama yake alivyokausha: darini penye moshi, juu ya mafiga, mahali pa mahindi na maharage ya mbegu. Beatha aligundua pakiti zikiwa zimeshaondoka. Bibi alimshika mikono yote miwili.

"Usinitaje, mwanangu. Nisife nimewaharibia watu."

"Sitakutaja, bibi."

Nassoro hakutaka kuonyeshwa vichanja. "Hivyo nimeviona kila kijiji," alisema. Alifungua pakiti, akanusa, akafumba macho kwa muda mrefu. Kisha akaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo, kama mtu anayetunza ushahidi. Macho yake yakatua kwenye jiko la bibi nyuma ya ghala, ambako moshi ulikuwa ukipenya chini ya mabati.

"Pale kwa nani?"

"Ni jiko tu," Beatha alijibu haraka mno.

Agatha alimvuta kando, nyuma ya magunia. "Daftari unalo wewe. Mtaje huyo mmoja afutwe, sisi tupone! Mwaka wa ngapi huu tunawauzia madalali kwa bei ya kutupa? Au ni wewe mwenyewe?"

"Ningekuwa mimi, ningeshasema."

Waliporudi, Beatha alisimama ghafla. Bibi Ernesta alikuwa akivuka kiwanja polepole, kikombe cha chai ya tangawizi yake mkononi, mvuke wenye harufu ya moshi ukimtangulia. Kwake mgeni haachwi na koo kavu, hata awe amekuja kwa shari.

Nassoro aligeuza kichwa. Akainua pua.

Beatha alikimbia. Alimpokea bibi kikombe, akajifanya amejikwaa, chai yote ikamwagika udongoni.

"Nisamehe, bibi. Mgeni mwenyewe ana haraka."

"Mikono gani hiyo leo? Kama umeazima!" Bibi alilalamika, akajikokota kurudi jikoni.

Zilipobaki dakika tano kufika saa saba, Nassoro alipanda juu ya jiwe kutafuta mtandao. "Kwa mara ya mwisho, dada. Nani?"

Beatha aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Alijua anachowanyang'anya. Wengine walikuwa wameng'oa kahawa ili wapande tangawizi, kwa sababu yeye ndiye aliyewaambia soko litakuja.

"Namba hiyo haina mtu," alisema. "Niliandika vibaya."

Nassoro alimkazia macho, kama anayesubiri abadili neno. Akabonyeza simu.

"Basi. Nimeshatuma. Nafasi yenu imekwenda kwa wengine."

Aliitoa ile pakiti mfukoni, akaiweka taratibu kwenye kizingiti cha ghala. Akapanda bodaboda, ikateremka na kona, vumbi likamfunika.

Agatha alikusanya visu vyake, akaondoka bila kuaga. Wengine wakamfuata. Hakuna aliyegeuka nyuma.

Beatha aliiokota pakiti, aitupe motoni kabla bibi hajaiona. Nyuma ya pakiti palikuwa na karatasi ya maelekezo aliyopewa Nassoro, imekunjwa na kubandikwa. Akaikunjua.

*Na. 14. Mnunuzi hataki nyingine yoyote. Hii ya moshi tu, kontena zima kila mwaka. Mwenyewe apatikane kwanza. Sababu isitajwe, wasije wote wakadai ni wao.*

"Kashaondoka?" Sauti ya Bibi Ernesta ilitoka jikoni, nyembamba, yenye hofu. "Hukunitaja?"

Beatha aliikunja karatasi, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama punje ya harage.

"Sikukutaja, bibi."