Wimbo wa Mama

Jumapili mdogo wangu Odessa aliporudi kanisani kwetu Memphis, sasa mwimbaji maarufu aliyejifunika koti la manyoya, wazee walewale waliomfukuza kwa kuimba nyimbo za mapenzi ndio waliompisha mbele.

Mimi nimewapigia kinanda miaka ishirini. Hakuna aliyewahi kunipisha hata mlangoni.

“Dada, nipe ule wa mama,” akasema.

Wimbo wa mama huanzia chini. Mimi nikauanzia juu kabisa, pale koo la mtu wa umri wake hukauka. Haya, imba basi, malkia!

Akanitazama. Akavua viatu, akaimba hukohuko juu mpaka kofia za akina mama zikaanguka.

“Mpigieni makofi dada yangu,” akawaambia. “Anajua ninakoweza kufika.”

Kanisa zima likanigeukia, likapiga makofi.

Afadhali wangenizomea.