Sura Iliyosafishwa

Bosi wangu wa studio, Shigela, aliuza lenzi yetu nzuri akanunua kompyuta ya mtumba kutoka Dubai.

"Lenzi ya nini siku hizi?" alinicheka. "Picha hata iwe na ukungu, kompyuta itaisafisha."

Bure kabisa yule.

Ndipo akaja mjane kutoka Buhongwa kuchukua picha ya marehemu mumewe, ya kuweka juu ya jeneza. Mzee huyo tulikuwa tumempiga picha kwenye harusi ya binti yao, kwa lenzi ya bei chee, ikatoka ukungu mtupu. Nyingine hawakuwa nayo.

Shigela alimkabidhi kwa mbwembwe. Kweli alikuwa ameisafisha: makunyanzi yote yamefutika, kovu la shavuni limefutika, macho ameyachora upya yanang'aa kama ya mwanasesere.

Yule mama aliisogeza dirishani. Kidole chake kikatafuta lile kovu, kikapita juu ya shavu laini, kikarudi, kikapita tena.

"Unaona mzee alivyopendeza?" Shigela akauliza.

Mama akaitazama picha kama mtu aliyeamkiwa njiani na kijana asiyemjua.

"Marahaba, mwanangu," akaiambia. Kisha akamgeukia Shigela. "Mume wangu mmemweka wapi?"