Kikombe Juu ya Injini

Tausi alikuwa ameacha kupika chapati ili aendeshe teksi. Uani kwa muuza magari palikuwa na magari mawili madogo ya aina moja, ya bei ya mtu wa kawaida. Moja lilikuwa jipya, viti vyake bado vimevikwa nailoni. La pili lilikuwa na miaka kumi na mmoja barabarani, na mmiliki wake aliyelileta liuzwe, Mzee Ndimbo, alisimama kando yake akifuta kioo kisichokuwa na vumbi.

Fundi Kibwana, aliyeletwa na Tausi, alikuwa amezibwa masikio na kelele za gereji za miaka mingi, hivyo injini aliipima kwa macho. Aliwasha lile jipya, akaweka kikombe cha kahawa kilichojaa juu ya mfuniko wa injini. Kahawa ilitulia. Akakihamishia kwenye lile kuukuu, akawasha, akainama. Kahawa ilitetemeka kidogo ukingoni, kisha nayo ikatulia kama iliyo mezani.

Kibwana aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akampa Mzee Ndimbo mikono yote miwili.

"Hili limelelewa," alisema kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Lile jipya nalo zuri, binti. Ila mvua haijalinyeshea bado."

Tausi akalilipia lile kuukuu, akaketi nyuma ya usukani. Mzee akamkabidhi ufunguo, lakini akabaki ameushika mlango.

"Usiubamize, mwanangu. Uinue kidogo, utajifunga wenyewe."

Tausi akauinua. Mlango ukajifunga bila kelele. Akaondoka polepole hadi getini, na kwenye kioo cha pembeni akamwona Mzee Ndimbo, mkono bado hewani, pale pale mlango ulipokuwa.