Nungunungu na Foleni Yake

Alikuwepo Nungunungu mmoja aliyepewa kazi ya kulinda mwanya mwembamba kati ya mlima na bonde, basi akajiona hakimu. Sheria yake ilikuwa moja tu: anayetangulia kufika ndiye anayetangulia kupita.

Siku moja Pimbi, kule mlimani, aliona mafuriko yanashuka. Akatuma habari bondeni kwa panya wanne, kila mmoja na neno moja tu la habari hiyo kichwani, kama ilivyokuwa desturi yao.

Panya wakafika mwanyani, wakakuta konokono arobaini wanahama na nyumba zao mgongoni.

"Bwana Nungunungu, tupishe," akasema panya wa kwanza. "Hawa hata wakifika kesho hawaharibikiwi kitu. Sisi tukichelewa ni bure kabisa. Tuna habari ya watu wa bondeni."

"Habari za watu hazinihusu," Nungunungu akajibu, miiba imemsimama kwa majivuno. "Hapa hakuna mkubwa wala mdogo. Pangeni foleni!"

Wakapanga. Konokono wakapita mpaka alasiri, ndipo panya nao wakapita. Maji yalipitia mtoni, hayakumwomba mtu ruhusa.

Nungunungu akarudi kwake bondeni akijipongeza. Shimo lake lilikuwa limejaa tope mpaka mdomoni. Mkewe alikuwa juu ya jiwe, amelowa chapachapa, na mbele yake panya wanne wamejipanga.

"Tokeni," akasema wa kwanza.

"Shimoni," wa pili.

"Maji," wa tatu.

"Yanakuja," wa nne.

"Furahi, mume wangu," mkewe akasema. "Habari imefika nzima. Hakuna hata neno moja lililoruka foleni."